Mtu Huita Mara Mbili

Nilipokuwa mtoto kule Nkoaranga, sikuwa na mdomo. Ndiyo, mimi huyu, ninayetolewa misibani kwa kuchekesha wafiwa! Darasa la kwanza nilikaa dawati la mbele kabisa, na wiki mbili nzima nikaandikwa mtoro.

Chanzo ni ukungu. Asubuhi ulishuka kutoka mlimani ukameza migomba yote, na Bibi, aliyenilea, alinionya: "Ukiitwa na usiyemwona uso, usiitike. Ngoja aite tena. Mtu huita mara mbili. Kile kingine huita mara moja tu." Mdogo wake, alisema, aliitika mwito wa kwanza akiwa kwenye shamba la kahawa. Akarudi na homa, hakupona.

Sasa, Mwalimu Anaeli macho yake yalikuwa mabovu. Akiita majina, daftari la mahudhurio alilibandika puani, likamfunika uso mzima. Jina langu linatoka nyuma ya karatasi, mara moja, kavu. Niitike nife? Nikanyamaza. Fimbo zikapita, nikanyamaza. Mwalimu mkuu akatamka: Ijumaa asipoitika, afutwe, akachunge mbuzi.

Alhamisi Mwalimu Anaeli akateremka kinjia cha utelezi hadi kwetu, viatu mkononi.

"Shikamoo, Bibi. Huyu mtoto ni bubu?"

"Marahaba. Bubu! Jana kaimba hadi kuku wakahama. Kwani wewe unamwitaje?"

Mwalimu akaeleza. Bibi akaguna. "Unamwita kama jini, halafu unataka aitike?"

Nilingoja mwalimu acheke. Hakucheka.

Ijumaa akashusha daftari hadi kifuani. Akanitafuta kwa macho yale mabovu mpaka akanipata.

"Ndekirwa." Kimya. "Ndekirwa, mwanangu."

"NIPOOO!"

Darasa zima liliruka. Tangu siku hiyo sijanyamaza. Nimeishia jukwaani mjini Arusha, nalipwa kupiga kelele.

Ukubwani ndipo nimeelewa kwamba Bibi hakunifundisha woga tu. Anayekutaka kweli, atakuita tena.

Sasa amelala kwenye migomba yake. Mwezi uliopita nilipanda kumfyekea majani kaburini, ukungu ukashuka, nikasikia jina langu kutoka migombani. Mara moja. Labda jirani, labda upepo. Sheria naijua. Lakini nilisimama pale na mvi zangu, panga mkononi, na sikungoja ya pili.

"Nipo, Bibi!"

Kisha nikangoja, nikangoja sana, aniite tena.