Sauti ya mama kwenye faili tupu

Kabla hajavua koti, anawasha kompyuta. Ofisi yake iko nyuma ya studio za redio, kati ya choo na stoo ya mafagio, na feni iliyomo ina kelele kuliko upepo. Anaandika amri moja, anangoja. Majina ya faili yanaanza kushuka kwenye skrini nyeusi, kila moja na neno "ipo" pamoja na ukubwa wake.

"Huo ukubwa niliuongeza baadaye," anasema kabla hajaulizwa. "Maji yalikuwa yameshamwagika."

Wenzake wanamwita Bwana Ipo, na si kwa mapenzi.

Kazi yake ni kutunza vipindi vilivyohifadhiwa kwenye seva, kompyuta kubwa iliyo mbali ambayo hajawahi kuitia machoni. Hawezi kufungua faili moja moja, akazeeka bure. Huandika programu fupi kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl, nazo huingia kule, zikakagua na kumrudishia majibu.

Miaka kadhaa iliyopita uongozi uliamua kanda zote za zamani zihamishiwe kwenye seva. Chumba cha kanda kilitakiwa na watu wa matangazo ya biashara, na watu hao hawana subira. Programu aliyoandika kuhakiki kazi hiyo iliuliza swali moja tu: faili ipo? Haikuuliza kama ndani mna kitu.

"Meneja alikuwa haondoki mlangoni," anakumbuka. "Nikamwambia zote zipo. Akasema, 'Kaka, mimi nakuamini wewe.'"

Kanda zikapakiwa kwenye lori, zikaenda kuchomwa.

Kumbe seva ilijaa wakati kazi iko katikati. Kuanzia hapo ikawa inapokea jina la faili na kuacha sauti nje. Iligundulika redio ilipotaka kumkumbuka marehemu mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, mwanamke aliyeamsha nyumba nyingi kwa sauti yake. Mtayarishaji alifungua faili ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya vilevile.

Mtangazaji huyo alikuwa mama mzazi wa Bwana Ipo.

Meneja alipandishwa cheo. Yeye alipewa barua ya onyo, na mshahara wake haujaongezwa hata senti tangu siku hiyo. "Wanasema kikulacho ki nguoni mwako," anasema. "Mimi nilikivaa mwenyewe nikafunga na vifungo."

Tangu hapo anapekua kila pembe ya seva. Amepata matangazo ya sabuni kwa wingi, yale hayakupotea hata moja. Ya mama yake amepata sekunde chache tu: anakohoa, anamwomba fundi mitambo radhi. Basi.

Kaseti moja imebaki duniani. Anayo dada yake mkubwa, aliyerekodi kipindi kizima nyumbani kwa mkono wake, na kanda ya kaseti huchakaa hata ikifungiwa kabatini. Ameomba mara nyingi ainakili. Dada yake alipopigiwa simu na mwandishi wa makala haya, hakuzunguka mbuyu.

"Mdogo wangu nampenda, ni damu yangu," alisema. "Lakini mama nilimzika mara moja, yeye akamzika mara ya pili. Hii ya tatu hanifanyii. Wakitaka kunakili, aje mtu mwingine."

Anapoambiwa maneno hayo, Bwana Ipo hageuki kutoka kwenye skrini. Haoni kama ameonewa, na hilo ndilo linalomuuma zaidi. Anavuta droo, anatoa kinasa sauti kipya ambacho bado kimo kwenye boksi, anakiweka mbele ya mwandishi.

Anamuuliza kama Jumapili ana nafasi ya kwenda kwa dada kuinakili kaseti. Anamwonyesha kitufe cha kubonyeza, kisha anamwonyesha tena.

"Ukishaanza, mwombe dada aongeze sauti kidogo," anasema. "Nitakuwa nimesimama nje ya geti."