Mkono Niliompa Mkwe

Mwaka nilioanza kazi ya uhudumu wa wodi ndio mwaka walioanza tena watu wa Temeke kuchagua mchele. Kabla ya hapo ulikula ulichopata, ugali wa njano na dagaa wenye mchanga. Sasa dukani kuna mchele wa Kyela, kuna wa meli kutoka nje, na mtu mzima anasimama anasema huu haunukii. Mie darasa la nne sikulimaliza, lakini siku ya kwanza kazini nilipiga deki wodi nzima ya wanaume mpaka Sista wa zamu akauliza kama tulikuwa wawili.

Enzi zile dawa kubwa ya mshtuko wa moyo ilikuwa kulala. Njia ya damu imeziba, kipande cha nyama ya moyo kimekufa, basi mtu hashuki kitandani. Haja anafanyia kwenye bakuli la bati, na kubeba bakuli ni kazi yetu wahudumu. Nimebeba ya makarani, nimebeba ya wenye maduka. Yote yananuka sawa.

Kisha akalazwa baba mkwe wangu.

“Sista, yule ni mkwe. Mie kumvua siwezi.”

“Hapa hakuna mkwe, kuna kitanda namba sita. Au nikutafutie mshenga?”

Siku nne mzee alijibana mpaka wanawe wafike saa za kutazama wagonjwa. Siku ya tano hawakufika.

“Mwanangu, sitaki unione,” akaninong'oneza. “Choo si kile pale? Nipe mkono.”

Nikampa. Kwenda alikwenda. Kurudi, hatua tatu kabla ya kitanda, mkono ukawa mzito. Nikamlaza kwenye sakafu niliyoipiga deki asubuhi. Hakuamka.

Daktari Mkuu alinieleza bila kunifokea: nyama iliyokufa hulainika kabla ya kufanya kovu, kama kitambaa kilicholowana. Ya mzee ilichanika.

Matroni, mkubwa wa wauguzi, akafunga mlango. “Wanapunguza wafanyakazi, unajua. Sema aliinuka mwenyewe, wewe ulikuwa nje unamwaga taka.”

“Nilikuwepo. Nilimshika mkono mimi.”

Hawakunifukuza. Walinipeleka kwa dobi, nikachemsha mashuka mpaka nikastaafu. Mama mkwe alinibusu viganja, akasema, “Umemsitiri.” Afadhali angenitukana.

Sasa miguu imevimba, nakaa Kibamba kwa mjukuu wangu. Ni mtu wa maabara, na mtaa mzima nimeutangazia. Anasema kuna ute mzito, mwingine unatokana na mwani, unaoingizwa kwa sindano kwenye ile nyama iliyokufa. Ukifika ndani unaganda kama uji uliolala, unaushikilia ukuta wa moyo usitanuke. Bado wanaujaribu. Nilimuuliza kama ungemfaa mzee. Akasema labda, hajui. Nilipenda hajui yake.

Ila juzi, ananikanda miguu, akaanza.

“Bibi, siku hizi wagonjwa wa moyo wanainuliwa mapema. Na ukuta ukishalainika vile unaweza kuchanika mtu amelala. Haukuwa mkono wako. Litue hilo zigo, umechoka.”

Kuchoka nimechoka kweli. Na yeye hanidanganyi, kasoma. Lakini Matroni naye alikuwa ananionea huruma.

Nikauvuta mguu wangu taratibu.

“Nilikuwepo. Nilimshika mkono mimi.”