Tua Mzigo Kwanza

Nakumbuka sauti kabla ya kuikumbuka siku yenyewe: mlango wa matete ukiburutwa juu ya udongo, krrrr, halafu kimya. Ukafuata wa nyumba ya pili. Wa tatu. Milango yote ya kijiji kile ilifungwa mbele ya uso wangu, mwanangu, na aliyeifungisha ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa msichana wa Ntalikwa, karibu na Tabora, nimeishia darasa la nne, mwingi wa kucheka, kichwa kimejaa ndoto. Nikipalilia karanga za mama nilikuwa naihubiria ile mistari ya karanga kana kwamba ni mkutano. Basi misheni ilipotaka binti wa kwenda kufundisha wanawake wa Uha, huko upande wa Ujiji, mkono wangu ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Kiha sikukijua hata neno la kuombea maji. Nikasema, "Mungu ataniongoza." Ni neno zuri hilo, ila mimi nililitumia kuzibia masikio.

Mkalimani wangu alikuwa Babu Mihambo, mzee wa kanisa. Ujanani alikuwa mpagazi, akibeba mizigo ya misafara kati ya Tabora na Ujiji mpaka utosi ukaota sugu. Kwa utani wa babu na mjukuu aliniita mke wake. Tulishuka treni, tukashika kwa miguu njia ile ile ya zamani, na siku ya pili homa ikamwangusha. Nikamlaza kivulini. Midomo imemkauka, macho yanazunguka, na ng'ambo ya bonde naona moshi wa kijiji. Bila paa na uji asingeiona kesho. Nikajitwika furushi la picha za Biblia, nikakimbia.

Wanaume wa kijiji walikuwa wamekwenda Uvinza kuchemsha chumvi, wamebaki wanawake na watoto. Niliingia mpaka katikati ya uwanja, nikasimama, furushi kichwani, nikaanza kumwaga Kiswahili chetu cha Tabora. Hawakuelewa. Nikaongeza sauti, maana sisi wengine tukiona mtu haelewi tunadhani ni kiziwi. Kisha nikajiona nimepewa ufunuo: picha itasema! Nikachomoa ile ya Lazaro, kwa kuwa naye aliumwa. Hebu itazame kwa macho yao, mwanangu. Mtu wa sanda anatoka kaburini, na msichana wasiyemjua anaonyesha kidole porini alikotoka. Nao walishawahi kuletewa ndui na misafara ya zamani, wakadhani nawaletea kifo kingine. Ndipo milango ilipofungwa.

Nilirudi nalia.

"Mke wangu," akasema Babu, meno yakigongana, "uji uko wapi?"

"Wamenifungia, Babu. Watu wale wana mioyo migumu!"

"Ulitua mzigo?"

"Mzigo gani?"

"Huo ulio kichwani mpaka sasa."

Nikapeleka mkono. Kweli, ulikuwepo.

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Loo! Na huyu ndiye niliyeozwa! Sikiliza. Sisi wapagazi hatukujua lugha za watu wote. Ukifika kwa wenyewe, unatua nje ya uwanja, unakaa chini, unanyamaza. Mwenye mzigo kichwani hajulikani, anapita au amekuja, anaomba au anapora. Ukitua, umeshasema. Wewe ulimwomba Mungu akuongoze, halafu ukamtangulia."

"Na wasiponijia?"

"Ungoje. Ukichoka, ungoje tena."

Ni vigumu kungoja, mwanangu, wakati mtu wako anazimika. Nilirudi kijijini, nikatua furushi nje ya uwanja, nikakaa mavumbini, mikono mapajani. Sikumwimbia Mungu, wala sikumpangia la kufanya kama nilivyozoea. Nilisema tu, "Bwana, maneno sina. Babu anakufa." Basi. Jua likanichoma, nzi wakanitambaa usoni, na nusura ninyanyuke nikapige kelele tena.

Mlango mmoja ukafunguka. Akatoka bibi kizee, akaja polepole, akaketi mbele yangu. Niliweka mkono kwenye paji la uso, nikajitetemesha kama mwenye homa. Nikaonyesha nywele zake nyeupe, kama kusema mzee mwenzake, kisha ng'ambo ya bonde. Machozi yakatoka yenyewe. Bibi akageuka, akaita. Wakatoka wanawake wanne na mkeka. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, lakini siku ile mikono yangu mitupu ndiyo iliyopokewa.

Wakambeba Babu bondeni kwa mkeka, naye huku anaweweseka: "Miaka yote nimebeba vya watu, leo mzigo ni mimi! Waambie wasinitue kwa kishindo."

"Waambie wewe, Babu. Si ndiwe mkalimani?"

Akanywa uji wa mtama jioni ile, kijiko kwa kijiko, mkononi mwa bibi yule. Akapona. Picha zangu zilikaa furushini miezi mitatu, mpaka bibi mwenyewe aliponiuliza kwa Kiha, nami nikamwelewa, humo ndani mna nini.

Mwanangu unayejiandaa kwenda kwa watu usiowajua, nenda. Usingoje mpaka ujue kila neno, utazeeka. Lakini usilifanye jina la Mungu kuwa fimbo ya kukuharakisha. Yeye huongoza hata kwa kinywa cha mzee mwenye homa, na kwa bibi asiyejua hata jina lako. Kuuliza hakukupunguzii imani. Ukifungiwa mlango, usiseme upesi kwamba wenye nyumba wana mioyo migumu. Tazama kwanza ulivyosimama. Mungu akutangulie, nawe umwachie nafasi ya kutangulia. Akupe wa kukukemea kwa upendo, na nyumba ya ugenini ikuite mtoto wake.

Nisisahau kukwambia. Asubuhi iliyofuata jioni ile ya uji, Babu akiwa usingizini, niliamka kabla ya wote. Neno la Kiha la kushukuru sikuwa nalo bado. Nikauchukua ufagio wa vijiti uliokuwa pembeni mwa nyumba, nikainama, nikaufagia uwanja wa bibi yule wote, mwanzo hadi mwisho, peke yangu.