Dakika na Gari Lisilonguruma

Hebu mwone anavyokuja: saa kumi na mbili na robo asubuhi, shati limepigwa pasi hadi mstari wa mkono unaweza kukata nyanya, kitambaa cha kufutia vioo kimekunjwa mfukoni. Huyo ndiye Dakika, dereva wa Daktari wa meno kwa miaka kumi na tisa. Jina hilo alipewa na mlinzi wa kliniki, kwa kuwa hajawahi kuchelewa hata dakika moja.

Leo hatembei kwa mbwembwe zake. Juzi lile gari jeusi la kifahari alilokuwa akiliendesha liliuzwa. Na lilikuwa gari kweli. Ukiufunga mlango wake, unasema "pu", kama mtu mzima anayejitupa kwenye godoro. Lakini uzee haujali ufahari. Mifuko ya hewa inayolibeba ilianza kuvuja, ikawa kila asubuhi limelala tumbo chini kama ng'ombe aliyegoma, na kipuri chake kinasubiriwa miezi miwili kutoka ng'ambo. Daktari akachoka. Akanunua kigari cha umeme, cheupe, cha bei nafuu, kinachochajiwa ukutani gerejini kama simu.

"Hiki hata mtoto anakiendesha," mpwa wa Daktari alisema jana kilipoletwa. "Shangazi, dereva wa nini tena?"

Daktari alicheka tu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kicheko kile Dakika alikwenda nacho nyumbani, akala nacho, akalala nacho. Mkewe, ambaye kwa miaka alimtania, "Hivi ulinioa mimi au lile gari?", jana hakutania.

Basi asubuhi hii akafungua gereji, akachomoa waya, akakitoa kigari hadi mbele ya ngazi, akafuta vioo. Akawasha. Yaani alibonyeza kitufe, taa zikawaka, yakaisha. Akaketi kusubiri.

Saa kumi na mbili na nusu ikafika. Mlango wa nyumba kimya. Apige honi? Thubutu. Kwa Dakika, honi ni ya kufukuzia mbuzi barabarani, si ya kumtoa mtu mzima kwake. Dakika tano zikapita. Kumi. Ishirini. Moyo ukaanza kumnong'oneza: anatafuta maneno ya kukuaga. Akakitoa kile kitambaa mfukoni, akakiweka juu ya dashibodi, kimfae atakayeketi pale baada yake.

Saa moja kasoro dakika tano, simu yake ikalia. Papo hapo mlango ukafunguka, Daktari katokea, mkoba begani, simu sikioni.

"Kumbe uko hapa?"

"Nipo, Daktari. Tangu kumi na mbili na nusu."

Daktari akaketi kwenye ngazi, na suti yake yote. "Mimi niko sebuleni, viatu miguuni, nasubiri kusikia gari. Miaka yote likinguruma ndipo nanyanyuka. Nikasema, leo Dakika kachelewa. Kisha nikasema, Dakika hachelewi, huyu kaniacha, kakichukia kigari changu. Hata kukupigia niliogopa."

"Na mimi nikadhani unaniachisha kazi."

"Halafu nani aniendeshe? Mimi baiskeli tu ilinishinda."

"Mpwa wako alisema..."

"Mpwa wangu? Huyo alisema pia ataosha vyombo. Sinki umeliona?"

Dakika akacheka, kicheko kilichoanzia kwenye nyayo. Akakirudisha kitambaa mfukoni.

Njiani, kwenye taa za barabarani chini ya mlima, wakasimama sambamba na gari jeusi, pacha wa lile la zamani. Taa ya kijani ilipowaka, kigari kikachomoka kama kilichotumwa na mganga, lile kubwa zima likabaki nyuma.

"Taratibu, baba," Daktari akasema, "tusiwaaibishe watu." Kisha akainamisha sikio. "Hivi huwa unaimba ukiendesha?"

"Tangu siku ya kwanza, Daktari. Injini ndiyo ilikuwa inanifunika."

Likabaki moja tu. Daktari alitaka kuanzia kesho apige honi. Dakika akakataa, yeye atakohoa. Daktari akasema kikohozi hakivuki sebule. Wakabishana hadi mlangoni pa kliniki bila kupatana.

Na wewe unayenisoma, wa nyumbani kwako wanajuaje kwamba umefika?