Kabati Lililoota Meno

Kabati la nguo la binti yangu liliota meno.

Sitanii. Aliingiza kichwa kutafuta glavu iliyoangukia nyuma ya makoti, akatoka anapiga kelele, damu inamchuruzika kando ya jicho. Kando kabisa. Angeinama kidogo tu zaidi, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Naandika ili mama wenzangu msome. Mimi si mtu wa kalamu, mtanivumilia. Ila haya yamenikuta mimi, na aliyeyaleta nimemlipiza, na usingizi naupata vizuri tu.

Jina langu Burgi. Tunaishi Tirol, huku juu kwenye bonde la milima ya theluji, ambako nyumba ya babu haiuzwi. Inakatwa katikati kama mkate, kila mtoto anachukua upande wake.

Upande mmoja tupo mimi, mume wangu Bertl na binti yetu Zenzi, miaka tisa. Upande wa pili yupo Hartwig, binamu yake Bertl, na mkewe Roswitha. Wao upande wao wameufanya gesti ya watalii wanaokuja kuteleza thelujini.

Hartwig ni mtu wa mbwembwe. Akinunua kitu, kijiji kizima lazima kijue.

Kabla msimu haujaanza akanunua rafu mpya za chuma, zile za kufunga ukutani kutoka kona hadi kona. Juu zina vidole vya mpira vya kubana ski, zile fito ndefu za kuvaa miguuni, chini zina ndoano pana za kutundikia zile mbao za theluji wanazopenda vijana. Alizifunga kwenye chumba chake cha chini, kile kinachopakana na chumba cha Zenzi.

Alitoboa siku nzima. Meza yangu ikatetemeka, vikombe vikaimba.

Mchana akatoka uani, kashika drili begani kama bunduki.

"Bertl! Njoo uone mashine! Inakula mawe ya babu kama jibini!"

Bertl akacheka. Hakuna aliyejiuliza ni jiwe gani hilo linaloliwa kama jibini.

Sasa rudi kwenye damu.

Nilimfunga Zenzi taulo kichwani, nikachukua tochi, nikaingia kabatini. Ni kabati la bibi yangu, mbao nene, linagusa dari, limeegemea ukuta ule tangu niolewe. Nikasogeza makoti.

Ncha za skrubu. Safu nzima. Zimepenya ubao wa nyuma, zinang'aa, zimetazama ndani usawa wa uso wa mtoto.

Nikamshika Zenzi mkono, moja kwa moja kwa Hartwig.

Nilimkuta anapaka nta ski za wageni, pasi ya kuyeyushia nta mkononi, wageni wamemzunguka na bia zao.

"Hartwig, skrubu zako zimemchoma mwanangu."

"Zimemchomea wapi, shemeji?"

"Ndani ya kabati lake."

Akaweka pasi chini, akawageukia wageni kama mtu anayetaka kuchekesha ukumbi.

"Ukuta wetu ni wa mawe. Unene wake huu hapa." Akanyoosha mkono mzima, kidole hadi begani. "Na skrubu zangu hizi." Akaonyesha shubiri. "Zitafikaje kwako? Zina pasipoti?"

Wakaangua kicheko.

"Njoo uone kwa macho yako."

"Msimu umeanza, mama Zenzi. Sina muda wa vioja."

Kisha akainama mpaka usoni kwa mtoto. Mtoto mwenye taulo la damu.

"Hebu niambie ukweli. Ulipigilia misumari mwenyewe, au mama ndiye aliyepigilia?"

"Sijapigilia, baba mdogo. Imetoka yenyewe."

"Ona sasa. Mtoto mdogo, uongo mkubwa."

Mengine ningeyameza. Hilo sikulimeza.

Na hakuishia pale. Alilisambaza. Dukani, kanisani, kwenye foleni ya lifti inayopandisha watu mlimani: Burgi ana wivu na gesti yetu, anamfundisha mtoto uongo. Haikupita wiki watoto wakampa Zenzi jina. Msumari.

"Msumari anapita! Jamani msimguse, atawachoma!"

Akaacha kwenda mazoezini. Ski zake zikakaa pembeni, hazijaguswa.

Jioni moja namchana nywele, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, labda nilipigilia mimi, nikasahau?"

Mama wenzangu, mnajua moyo unavyofanya mtoto akikuuliza hivyo? Wangu uligeuka jiwe, na hilo lilikuwa jiwe la kweli. Niliapa pale pale: Hartwig atasema mbele za watu kwamba mwanangu hakusema uongo. Atasema kwa hiari, au atasema akiwa amevunjika.

Bertl akaleta msumeno wa chuma azikate zile ncha.

"Usiguse hata moja."

"Burgi, yaishe. Huyu ni ndugu."

"Ndugu yako. Mtoto ni wangu."

Nikahamisha kitanda cha Zenzi chumbani kwetu, nikatoa nguo zake zote. Kabati likabaki tupu na meno yake.

Alasiri ile wageni wakarudi kutoka mlimani. Nikasikia wanatundika ski upande wa pili, ngo, ngo, ngo. Nikaingia kabatini, nikaweka kiganja juu ya zile ncha.

Zilikuwa zinatetemeka. Kila wakitundika ski moja, ubao wa bibi unalia *kriii*. Zilipojaa zote, ubao wenyewe ulikuwa umebinuka kuelekea ukutani kama mgongo wa mtu aliyebebeshwa gunia.

Nikaelewa. Rafu zake hazijashikwa na ukuta. Zimeshikwa na kabati la bibi yangu.

Nikafunga mlango wa kabati polepole. Kwa mara ya kwanza tangu ile damu, nikatabasamu.

Sikumwambia. Nilishamwambia mara moja, akaniuliza habari za pasipoti.

Sasa sikia Mungu anavyopanga. Theluji ya kwenye ski inayeyuka, maji yanatiririka ukutani, na chumba cha Hartwig kikaanza kutoa ukungu mweusi. Mtu mwingine angesema ni ski. Hartwig akasema ni mimi.

Jumapili, watu wanatoka misani, akanisimamisha pale mbele ya mlango wa kanisa.

"Shemeji, kabati lako linaunyima ukuta wangu pumzi. Ukuta unaoza kwa sababu yako. Liondoe."

"Ukuta wako?"

"Ukuta wa mawe wa babu ndio mpaka! Kilicho upande wangu wa mawe ni changu, kilicho upande wako ni chako. Lakini kabati lisiguse mawe yangu!"

Kassian, mkuu wa kikosi chetu cha zimamoto, alikuwa amesimama hapo na kiko chake. Roswitha pia. Nusu ya kijiji.

"Sema tena, Hartwig," nikasema. "Sauti yako ndogo, wa nyuma hawajasikia."

Akasema tena. Kwa kelele. Akaongeza na mikono.

"Sawa," nikasema. "Njoo leo jioni usimamie mwenyewe, usije ukasema sikuliondoa."

Akaja wakati wageni wako mezani wanakula madonge yao ya mkate na supu. Zenzi nilimpeleka kwa jirani. Roswitha alisimama mlangoni, kafunga aproni, anatazama tu.

"Chumba chako cha ski kina mtu?" nikamuuliza.

"Kina ski."

"Nimeuliza mtu."

"Hakuna! Wote wanakula."

"Kifunge."

"Mwanamke wewe una maswali!" Lakini akaenda akafunga, akarudi ananichezeshea ufunguo puani. "Umeridhika? Haya, vuta kabati."

Mimi na Bertl tukashika. Tukavuta. Kabati halikutikisika.

Hartwig akacheka mpaka akashika tumbo. "Mmeligundisha kwa gundi? Pisheni huko. Mnavuta kama mnabembeleza mtoto."

Akavua koti. Akakunja mikono ya shati. Akalikumbatia kabati la bibi yangu kama mchumba.

"Una hakika, Hartwig?"

"Kaa kando!"

Nikakaa kando. Nilikaa kando kwa furaha.

Akavuta mara ya kwanza, ubao ukalia. Mara ya pili, ukapasuka juu. Mara ya tatu akatoa mguno wa ng'ombe, na mgongo wa kabati ukachanika kutoka juu hadi chini, skrubu zote zikachomoka kwa pamoja.

Halafu radi.

Chuma, ski, mbao za theluji, kila kitu kikaporomoka upande wa pili kwa mpigo. Na havikwenda peke yake. Ukuta ukafuata. Ukuta wa mawe wa babu ukajikunja kama kadibodi iliyolowa, ukalala chali juu ya rundo la ski.

Vumbi jeupe. Hatuonani. Roswitha anakohoa, Hartwig kakaa chini, kabati limemwegemea mapajani.

Ving'ora vya zimamoto vikalia. Huku kwetu zimamoto ni kila mwanaume mwenye viatu, kwa hiyo dakika chache tu nyumba imejaa watu, na wageni nao wamekuja na leso zao shingoni.

Kassian akaingia kwenye kifusi na taa. Akaokota kipande cha ukuta, akakigeuza. Akakivunja kwa mkono mmoja.

"Mbao nyembamba na matete," akasema. "Juu wamepiga lipu."

"Haiwezekani," Hartwig akasema.

Kassian akainua taa. Ndipo sote tukaona.

Dari ya chumba cha Zenzi haikuishia pale ulipokuwa ukuta. Boriti ileile, ya nakshi ileile, ilipita juu ya vichwa vyetu ikaenda moja kwa moja hadi mwisho wa chumba cha ski. Mbao za sakafu vilevile. Kilikuwa chumba kimoja, kikubwa, kimekatwa vipande viwili.

Na kule mwisho kabisa, nyuma ya chumba cha ski, taa ikagonga ukuta mwingine. Mnene. Mweusi kwa uzee.

Mawe.

"Hartwig," Kassian akasema taratibu, "ukuta wa babu yako ule pale."

"Nakumbuka ule mwaka," akaendelea. "Wazazi wa Bertl walikuwa juu malishoni na ng'ombe kiangazi chote. Baba yako alinunua mbao na chokaa, akasema anakarabati. Sisi tukadhani wamekubaliana."

Hartwig akatazama mawe. Akatazama rundo la ski. Nafikiri hakujua kweli. Alikuwa mtoto wakati ule, alikua akiamini ukuta aliouona. Baba yake aliiba chumba, mtoto akaja kukitundikia vyuma.

Nikasogea katikati ya kifusi.

"Leo ulisema mbele ya kanisa, ukuta wa mawe ndio mpaka, kilicho upande wangu ni changu. Nani alisikia?"

Mikono ikanyanyuka. Ya kwanza ilikuwa ya Roswitha.

Wapimaji wa ardhi walikuja baadaye, wakasema yaleyale kwa maneno marefu zaidi. Chumba cha ski ni chetu.

Lakini mimi chumba sikuwa nakitafuta. Nilikuwa natafuta neno moja.

Hartwig alikuja mwenyewe. Theluji ilikuwa inashuka mfululizo, ski za wageni ziko nje zimezikwa, viatu vimelowa, wageni wanatishia kuhamia gesti nyingine.

"Shemeji, dada yangu, tuazimeni chumba mpaka msimu uishe. Nitajenga rafu upya, kwenye mawe ya kweli."

"Usiniombe mimi. Muombe uliyemwita mwongo. Na umuombe kama ulivyomwita, mbele ya wageni."

Asubuhi yake nikamleta Zenzi kwenye chumba chao cha chakula. Kahawa inanukia, mikate mezani, wageni wote wapo. Kassian alijifanya amekuja kukagua jiko.

Hartwig akasimama mbele ya mtoto. Shingo nyekundu kama nyanya.

"Zenzi. Zile skrubu zilikuwa zangu. Nilizipiga mimi. Wewe ulisema ukweli, na mimi nilikuita mwongo mbele za watu. Sikuja hata kutazama. Nisamehe."

Mgeni mmoja akaweka kikombe chini, nikasikia kilivyogusa sahani.

"Baba mdogo wako anaomba atumie kile chumba," nikamwambia Zenzi. "Mimi na baba tumekubaliana jibu ni lako."

Zenzi akamtazama usoni. Alama bado mbichi kando ya jicho.

"Asante kwa kusema ukweli, baba mdogo," akasema.

Hartwig akashusha pumzi, akaanza kutabasamu.

"Chumba hapana."

Roswitha ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka akaegemea jiko. Nami nikamshika mwanangu mkono tukatoka, tukaenda moja kwa moja kwenye lifti ya mlimani, na alishuka mlima ule siku nzima bila kuangalia nyuma.

Mama wenzangu, leo hii kabla hujalala fungua kabati la mwanao, pitisha mkono nyuma ya nguo. Jirani akitoboa ukuta, nenda ukaangalie upande wako. Na mtoto akikwambia kuna kitu kimemuuma, tazama kwanza, kuuliza baadaye. Wapo watu wazima watakaomwita mwongo ili wasiinuke kwenye kiti chao. Usiwe mmoja wao, na usiwasamehe upesi.

Wengine mtasema nimezidisha. Semeni tu.

Hartwig tunasalimiana. Ski za wageni wake siku hizi anaziegemeza kwenye ukuta wa zizi, huko nje. Upepo ukivuma jioni zinaanguka moja baada ya nyingine, naye anatoka na taa kuzisimamisha, anatukana.

Mimi huwa nafungua dirisha kidogo, nisikie vizuri.