Boko-boko Kando ya Kiwanja cha Ndege

Niruhusuni niteme mate kwanza. Kila nikilielezea jambo hili mdomo hunijaa, na nikiyameza ndiyo vibaya zaidi. Wengi huanza visa vya namna hii kwa kusema walisimuliwa na shangazi, au na rafiki wa rafiki. Mimi sikusimuliwa na mtu. Niliketi, nikala, nikalamba kijiko. Anayetaka kuamini aamini. Asiyetaka namwombea tu asije akaletewa sahani yake.

Mimi ni fundi wa friji hapa Chake Chake. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha, lakini maradhi yangu tangu utoto ni ndege. Nikiwa nimelala chali nyuma ya friji ya mtu, ikipita ndege juu namwambia mwenye nyumba: hiyo ya injini moja, hiyo ya mbili, hiyo leo imechelewa. Baada ya sala ya alasiri nilikuwa nawasha pikipiki yangu nakwenda kiwanjani. Nakaa nje ya seng'enge, upande ule zinakoshukia, simu mkononi, nazifuata kwenye ramani mpaka ile niliyoiona kwenye kioo inatokeza mawinguni niione kwa macho.

Nilikuwa na kundi langu la kwenye simu. Wapenda ndege wa Wete, wa Konde, wa Unguja, hadi walioko Arabuni. Tuliweka habari za ndege mpya, safari mpya, na ajali. Nisiwafiche, zaidi ajali. Ukiweka habari ya kampuni iliyonunua ndege, watu wawili watatu watakuwekea kidole gumba. Ukiweka ndege iliyoanguka, simu haipoi. Nami nilijiona mtu wa maana, kwa sababu nilijua kueleza: rubani aliingiaje kwenye ukungu, bawa lilikosaje upepo, na kwamba hicho mnachokiita kisanduku cheusi rangi yake ni ya machungwa. Neno maiti sikuwahi kuliandika. Niliandika "waliokuwemo".

Basi ikaanguka ndege ndogo ya abiria huko bara, mlimani. Sitaitaja kampuni wala mlima, wenye msiba wapo. Kabla redio hazijasema kitu, mwanachama mmoja aliyekuwa karibu na pale akanitumia picha. Nyingi zilikuwa za vyuma na miti iliyokatika. Moja ilikuwa ya mkono. Mkono wa mwanamke, kuanzia kwenye kiwiko, umelala juu ya majani, una hina ya harusi, maua mpaka kwenye ncha za vidole. Mwenyewe hakuonekana.

Niliiweka vile vile, bila kuifunika. Chini yake nikaandika: "Sisi ndio wa kwanza."

Mwalimu Khatibu, mstaafu aliyenifundisha hesabu, naye mpenzi wa ndege na mwanachama wa kundi, aliandika pale pale: "Ondoa hiyo picha. Huyo ni mtu." Nikamjibu mbele ya kundi zima: "Mwalimu, asiyeweza kutazama afumbe macho." Jioni ile alinipigia mara mbili. Sikupokea. Nilikuwa nashughulika kuwaingiza wanachama wapya waliokuja kwa ajili ya ile picha.

Siku ya tatu yake nilikuwa kwenye seng'enge kama kawaida. Jua lipo, watu wanapita barabarani na baiskeli zao. Nasema hivi kwa sababu wengi hudhani mambo haya yana saa zake. Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Akaja mama mtu mzima, anatembea taratibu kando ya uzio, buibui lake safi, ananukia udi, kakumbatia kikapu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Weye ndiye mwenye lile kundi la ndege?"

"Ndiye mimi."

"Basi tumekutafuta. N'nakuletea chakula chako."

Mlitaka nimuulize nini? Mtu mzima amekutolea chakula kwa mikono miwili, utauliza kimetoka wapi? Nilidhani ni mama wa mwanachama mmoja, amesikia sifa zangu. Nisameheni kwa ujinga huo. Akatoa sufuria yenye mfuniko na kijiko. Ndani boko-boko, samli inang'aa juu. Mnalijua boko-boko: ngano na nyama vinapikwa na kusongwa mpaka huwezi tena kutenga kipi ni kipi. Nikasema bismillahi? Wallahi sikumbuki. Hilo nalo limeninyima usingizi.

Lilikuwa tamu. Niseme ukweli wote, lilikuwa tamu. Lilinuka mafuta ya taa kwa mbali, nikasema moyoni, bibi wa watu anapikia jiko la mafuta. Mjuzi wa ndege mzima nikasahau kwamba mafuta ya ndege na mafuta ya taa ni ndugu, harufu yao moja.

Nilipofika nusu ya sufuria nikainua macho. Yule mama alikuwa ananitazama mdomoni. Nikitafuna, naye anatafuna, na hana kitu kinywani. Nikimeza, naye anameza. Udenda ulikuwa umemtoka, umeshuka kidevuni, unadondokea kifuani kwenye lile buibui safi, wala haufuti.

Hapo kitu kikanikwama kwenye jino. Nikadhani ni ganda la ngano. Nikakitoa kwa kidole, nikakitazama juani. Ilikuwa kucha. Kucha nzima ya mtu, nyekundu ya hina, ina kipande cha ngozi nyuma yake.

"Bibi, hii nini?"

"Hiyo ndo pahala patamu," akasema kwa upole. "Mbona watoa?"

"Hii nini nakuuliza!"

"Usinipigie kelele, mwanangu. Si weye uliyetwita? Sisi hatuna simu. Sisi twanusa. Watu wengi wakimtazama maiti kwa hamu, harufu yake hutufika tulipo, tukaijua njia. Tulikuwa hatumjui huyu, weye ukatuonyesha. Na mwenye kuita ana fungu lake. N'nakuletea, umekula. Sasa wataka kuniambia hukujua?"

Nikaitupa ile kucha. Akainama, mzee yule, akapapasa majani mpaka akaiona, akaitia kinywani. Niliisikia ikivunjika.

Nilitapika. Nilishika seng'enge kwa mikono yote miwili nikatapika mpaka machozi yakanitoka. Wakati huo huo ikaja ndege ya jioni, imeshuka kabisa, kishindo chake juu ya kichwa changu. Na mimi, mnaona uchafu wa mazoea, mimi na matapishi kidevuni niliinua macho kuitazama. Nilipoyashusha mama hakuwapo. Pale ni uwanda mtupu, hakuna kichaka cha kujificha hata kuku.

Sufuria ilibaki. Nikaifunua kwa ncha ya kiatu. Ilikuwa kavu, imeota kutu chini, imetandwa na utando wa buibui kama sufuria iliyosahauliwa dohani juu ya meko kwa miaka. Lakini midomo yangu bado ilikuwa inateleza kwa samli.

Nyumbani, mke wangu Maryam alinisimamisha mlangoni.

"Umekula wapi? Wanuka mafuta ya taa."

Nilimpita, nikasukutua kwa chumvi, kwa ndimu, kwa majivu, mpaka fizi zikatoa damu. Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya siku tatu nyuma: nikafuta ile picha, nikampigia Mwalimu Khatibu. Nilimweleza yote.

"Nilipokupigia," akasema, "nilitaka kukwambia kitu ambacho sikutaka kukiandika mbele za watu. Nilikuwa nimeshapata habari kwamba yule msichana ni wa hapa kwetu. Alikuwa ndiyo kwanza anapelekwa kwa mumewe. Mama yake, Bi Asha, yuko kijijini Mgogoni."

Asubuhi tulikwenda pamoja. Sikuwa na ombi ila moja, anisamehe. Nilijiambia kwamba akinisamehe, kilichomo tumboni mwangu kitatoka.

Bi Asha alitupokea barazani kwa adabu zote, kama anavyopokewa mtu aliyekuja kutoa mkono wa tanzia. Mwalimu akamwambia mimi ni nani. Hakupaza sauti. Alitazama mikono yake mwenyewe, ncha za vidole vyake bado zina wekundu.

"Hina ile n'limpaka miye," akasema. "Usiku kucha. Watu wa serikali hawajaja, mume hajapiga simu, hapana aliyeniambia mwanangu kafa. Jirani kaja mbio na simu yake. Aniuliza, Bi Asha, hii si hina yako? Miye macho yangu hayaoni vyema. Akaikuza kwa vidole, akaikuza, ili nione."

"Mama, nimekosa," nikasema. "Nakuomba radhi kwa ajili ya Mungu."

Akanitazama usoni. Wallahi niliona kwamba moyo wake unataka kulegea, kwa sababu alishusha pumzi, akamwita binti yake mdogo ndani. "Leteni chakula. Wamekuja mbali hawa. Hawatatoka hapa na njaa."

Mnaelewa maana yake? Kwetu, mtu uliyemkosea akikuwekea chakula, na ukala, limekwisha. Hakuna maneno zaidi. Ulikuwa ni wali na mchuzi wa samaki, chakula cha watu wa kawaida, kimepikwa na mfiwa. Nikanawa. Nikatia mkono. Lakini kuni za jikoni kwao zilikuwa mbichi, wameziwasha kwa mafuta ya taa, na harufu ile ikaja na moshi mpaka kwenye mkeka.

Nilijitahidi. Mungu ni shahidi yangu, nilijitahidi. Nilitia tonge kinywani, nikafumba macho, nikalisukuma kwa ulimi. Halikushuka. Nikakimbia hadi ukingo wa baraza nikatapika uani kwake, mbele ya wanawake waliokuja msibani.

Niliporudi Bi Asha alikuwa amesimama.

"Mkono wa mwanangu hukuuonea kinyaa," akasema. "Wali wangu ndo wakutapisha?"

Ningemwambia nini? Ningemweleza kwamba nimelishwa nini, tena na nani? Ningemwambia mama yule kwamba mwanawe, Mungu nisamehe, yuko wapi? Mwalimu alifungua mdomo, nikamshika mkono asiseme. Bi Asha akaondoa sahani mwenyewe, akamwaga wali wote kwa kuku, akaingia ndani na kufunga mlango.

Huu sasa ni mwezi wa nane tangu siku ile. Kundi nimelifunga. Nyama siigusi, na boko-boko siku ya Idi lilipopita mbele yangu nilitoka nje ya nyumba ya mkwe wangu bila kuaga. Maryam anapikia mkaa tu, na hata hivyo nala peke yangu, kwa kijiko, nikitazama ukutani. Suruali zangu zote zimepunguzwa kiuno. Mashehe wawili wamenisomea, mmoja akanipa kombe, aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji, ninywe, nikalitapika pia. Kiwanjani siendi. Mwalimu amekwenda Mgogoni mara tatu kuniombea, na mara zote Bi Asha humuuliza habari za watoto wake, habari za mvua, habari za afya yake. Langu halipokei.

Na kinachonichukiza kuliko yote si yule mama. Ni kwamba tangu siku ile zimeanguka ndege nyingine, mbali, nchi za watu, na kila nikisikia mate hunijaa kabla ya huruma kufika. Sijui kama ni kichefuchefu. Naomba kiwe kichefuchefu.

Ile picha nayo bado inatembea. Nimeifuta kwangu, lakini juzi imenirudia kutoka kwa mtu nisiyemjua, imeandikwa chini yake maneno yangu yale yale.

Basi wewe unayesoma, nakuomba kama ninavyomwomba ndugu yangu wa tumbo moja. Ikikufikia picha ya aliyekufa, ya ndege, ya gari, ya chombo cha baharini, ifute kabla hujaitazama mara ya pili. Usimtumie mwenzako, hata kwa kusema muombeeni dua. Kama umeshaituma, nenda kwa mwenye msiba leo, tumbo lako likiwa bado linakubali chakula chake.