Feni Zilizobishana na Upepo

Jina lake kamili, kama watu walivyompa, ni Mama Gia, binti wa Fundi Saa aliyeifanya saa ya soko iseme kweli, mjukuu wa bibi aliyepanda baiskeli wenzake wakiisukuma. Mwenyewe aliendesha lori la maziwa mpaka kustaafu, na barabara haikuwahi kunywa hata kopo lake moja.

Gari lake la bluu ni la zamani, lakini lina kiyoyozi, na kiyoyozi hicho si anasa. Kifua cha mumewe, Mzee Kimya, hakistahimili joto, na kila Alhamisi sharti afike kliniki ya mji wa pili. Sasa kila kiyoyozi kikiwashwa, injini ikawa inachemka. Shemeji yake, mdogo wa mumewe na fundi wa umeme wa magari, akaing'oa feni iliyozungushwa na mkanda wa injini, akafunga mbili za umeme.

"Hizi, shemeji, hata ukikwama kwenye foleni zinavuma tu."

"Zikinikwamisha, utambeba kaka yako mgongoni."

"Kaka nitambeba. Mzito ni wewe."

Uani zilivuma kweli. Baridi ikatoka, mshale wa joto ukalala. Mama Gia akampakia mumewe wakalijaribu gari barabarani. Alipokimbia, mshale ukapanda. Alipopunguza mwendo, ukashuka. Akakimbia tena, ukapanda tena. Akachanganyikiwa. Maisha yake yote gari huchemka likisimama, hupoa likipata upepo. Hili lilikuwa kama mtu anayetokwa jasho akipepewa. Akazima kiyoyozi, mumewe akaanza kuhema. Wakarudi nyumbani mwendo wa kobe, na Alhamisi ilikuwa keshokutwa.

Shemeji akabadilisha maji ya rejeta, akabadilisha na mfuniko wake. Wapi.

"Labda unaendesha kwa hasira, shemeji."

"Hasira utaiona ukimaliza."

Kesho yake, injini ikinguruma na feni zikivuma, Mama Gia alisogea mbele ya gari kupangusa vumbi. Enzi za feni ya mkanda, kitambaa kikikaribia hapo huvutwa kikanata. Hiki kiliruka kikamfunika uso.

"Shemeji, njoo. Feni zako zinanipepea mimi. Injini imekukosea nini?"

Shemeji akakishika kitambaa, kikamrukia na yeye. Akainama kuzitazama nyaya. Alikuwa amezigeuza wakati wa kufunga, feni zikazunguka kinyume, zikisukuma nje upepo ambao barabara inauleta ndani. Gari likisimama hazina mpinzani. Likikimbia, wawili wanagombea mlango mmoja.

Akazirudisha nyaya mahali pake. Wakatoka tena, gari likakimbia, mshale umelala, Mzee Kimya akasinzia kwenye baridi. Mama Gia alitaka kufurahi, lakini walipofika uani akazima gari, akachomoa ufunguo, na feni zikaendelea kuvuma.

"Nani anaziendesha? Ufunguo ninao mimi."

"Zinangoja joto lishuke, shemeji. Zitazima zenyewe."

"Zimeambiwa na nani?"

Akasimama na ufunguo mkononi mpaka ziliponyamaza. Hakuelewa, wala hakujidai kaelewa. Akazunguka mlango wa pili, akamwekea mumewe kitambaa mapajani.

"Baba, kuanzia kesho, kabla hatujatoka, kazi yako ni hii. Kishike pale mbele. Kikinata, tunaondoka. Kikikurukia, mwite mdogo wako."